Ufundi wa Kubana Video

Mpiga video wa harusi akishamaliza kukata na kuunga picha zake, hubaki na kazi moja ambayo wengi huiachia kompyuta na kwenda kulala: kuibana video mpaka iingie kwenye flashi ya mteja. Mimi hupenda kukaa nikitazama idadi ya fremu kwa sekunde inavyopanda na kushuka. Kasi ile ni kazi ya mikono ya watu, na naona haijasifiwa inavyostahili.

Chukua fremu moja ya pikseli 1920 kwa 1080. Kiwango cha kubana video cha H.264, kilichotoka mwaka 2003, huigawa katika vipande vya pikseli 16 kwa 16, jumla 8,160. Video ikienda fremu 25 kwa sekunde, hivyo ni vipande 204,000 kila sekunde. Kwa kila kimoja programu inatafuta: hiki kilikuwa wapi katika fremu iliyopita? Shela ya bibi harusi ikisogea kidogo kushoto, hakuna haja ya kuichora upya. Inatosha kuandika imesogea kiasi gani, na tofauti ndogo iliyobaki. Utafutaji huu ndio unaokula muda. Ukipekua pikseli 16 kila upande bila kuruka hata nafasi moja, utalinganisha mara 1,089 kwa kipande kimoja tu.

Waliotengeneza x264, programu huria ya kubana video kwa kiwango hicho, iliyoanzishwa na Laurent Aimar na kuendelezwa na Loren Merritt na wenzake, walijua kwamba sehemu kubwa ya upekuzi huo ni jasho la bure. Vitu vilivyo pamoja husogea pamoja, kwa hiyo programu huanzia pale ambapo vipande jirani vimeelekea. Kisha hupima nukta sita kuizunguka nafasi hiyo. Ikipata iliyo bora zaidi, huhamia huko na kupima tena. Isipopata, hukagua nafasi za karibu kabisa na kuendelea na kipande kingine. Kujua pa kutotafuta: hapo ndipo nguvu kubwa ya ufundi huu ilipo.

Lakini hata kipimo kimoja kina pikseli 256 za kutoa, kuondolea alama ya hasi na kujumlisha. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Prosesa za Intel zenye SSE2, zilizoanza kuuzwa mwaka 2000, zina amri iitwayo PSADBW, inayofanya yote matatu kwa jozi 16 za pikseli kwa mkupuo. Mstari mzima wa kipande, amri moja! Wakaandika sehemu hizo kwa asembli, kwa mkono, rejista kwa rejista, na amri za AVX2 zilipokuja mwaka 2013 na upana maradufu, wakaandika upya.

Kugawa kazi kati ya viini vya prosesa nako kulitaka akili. Njia ya zamani ilikata fremu katika sehemu kubwa kubwa, kila kiini na yake. Lakini mipaka ile huzuia sehemu moja kukisia kutoka kwa jirani yake, na faili linanenepa. x264 ikaacha kila kiini kishike fremu yake, kikikifuata kilichotangulia mistari kadhaa nyuma, kama wapalizi waliopangana shambani: wa nyuma haanzi mpaka sehemu anayoihitaji iwe imekwisha.

Siku hizi kadi za michoro zina sakiti zake za kubana video, nazo ni za kasi kweli. Sampuli ya kumtumia mteja kwa WhatsApp naipitisha huko bila kusita. Ila kwa ubora uleule faili lake kwa kawaida huwa kubwa kuliko la x264 iliyopewa muda, na kwenye giza la ukumbi, taa zikipunguzwa maharusi waingie, vile vipande vya mraba huanza kuonekana ukutani. Video ambayo familia itaitazama mpaka wajukuu naiachia prosesa na x264, mpangilio wa slow, usiku kucha ikibidi.