Kuhusu Istilahi "Usalama Usio na Masharti"

Miongoni mwa istilahi za usimbaji wa kwantumu, yaani elimu ya kulinda siri kwa kanuni za chembe ndogo kabisa za maumbile, hapana inayohitaji kuchunguzwa kuliko "usalama usio na masharti". Tafsiri hii hulifuata neno la asili kwa uaminifu, lakini humwambia msomaji jambo ambalo sayansi haikulisema.

Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walitoa itifaki ya kugawana ufunguo wa siri kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Mdukuzi akizipima huzivuruga. Makosa yakizidi kiasi, ufunguo hutupwa. Uthibitisho wa Shor na Preskill wa mwaka 2000 ulikiweka kiasi hicho karibu na asilimia 11, bila kujali nguvu ya kompyuta ya mdukuzi.

Hilo ndilo sharti lililoondolewa. Mengine yamebaki: wanaowasiliana hawana budi kuwa na njia ya kuthibitishiana utambulisho, na mitambo yao haina budi kutenda kama hesabu inavyodai. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba vigunduzi vya mitambo iliyokuwa ikiuzwa viliweza kupofushwa kwa mwanga mkali na kutawaliwa kwa mbali, hata mdukuzi aweze kuupata ufunguo wote bila kuacha alama.

Tena, kuna kazi ambazo kwantumu peke yake haiziwezi. Mojawapo ni ahadi ya biti: mtu afungie jibu lake asiweze kulibadili, na mwenzake asiweze kulisoma kabla ya wakati. Mwaka 1997 Mayers kwa upande wake, na Lo pamoja na Chau kwa upande wao, walithibitisha kwamba kanuni za kwantumu pekee haziwezi kuilinda.

Katika lugha ya ofisi zetu, mkopo usio na masharti ni ule usiodai kitu. Ofisa anayenunua mitambo akisoma maneno hayo ataona hana la kukagua, na hapo ndipo siri za umma zitakapovuja.

Kwa hiyo tunapendekeza "usalama usiotegemea uwezo wa mdukuzi kukokotoa". Yamkini wengine wataiona ndefu. Sisi twaona urefu huo ni nafuu: istilahi inayotaja mpaka wake humkumbusha msomaji kuuliza yaliyo nje ya mpaka huo.