Maji Yamepungua Sebuleni? Namna ya Kupima Uhimilivu wa Jiji

Upunguzaji wa gesijoto una kipimo chake, nacho ni tani za kaboni. Kuhimili mabadiliko ya tabianchi hakuna kizio cha namna hiyo, ndiyo maana tathmini nyingi za miji huishia kuhesabu kilichojengwa: kilomita za mitaro, idadi ya makaravati, fedha zilizotumika. Mkaguzi wa hesabu anazihitaji takwimu hizo. Mkazi wa bondeni anataka kujua jambo jingine, kama masika ijayo maji yataingia tena ndani.

Wataalamu wa tabianchi hulitazama janga kama zao la mambo matatu: tukio lenyewe, watu na mali vilivyo kwenye njia yake, na udhaifu wa watu hao katika kujikinga na kuinuka tena. Jiji linaweza kufanya vizuri katika moja na kurudi nyuma katika mengine.

Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam linaonyesha hivyo waziwazi. Mto huu huanzia vilima vya Pugu, hupokea maji ya mito ya Ubungo na Sinza, hupita Jangwani na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, na kuanzia mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zilibomolewa. Kwa hesabu ya ofisini, idadi ya waliomo hatarini ilishuka. Lakini Mabwepande iko mbali na Kariakoo, ambako wengi wao walipata riziki, na baadhi walirudi bondeni. Mkoa nao uliongezeka kutoka watu milioni 4.36 kwenye sensa ya 2012 hadi milioni 5.38 mwaka 2022, na wasio na uwezo wa kununua kiwanja kilichopimwa hujenga panapopatikana. Tathmini inayohesabu waliohamishwa bila kuhesabu waliorudi na walioingia upya haijapima kitu.

Hatua iliyobadilisha upimaji wenyewe ilikuwa Ramani Huria, iliyoanza 2015. Wanafunzi wa vyuo vikuu, pamoja na wenyeji wa mitaa, walipita uchochoro kwa uchochoro wakichora nyumba, njia na mitaro kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu, huku ndege zisizo na rubani zikipiga picha kutoka juu. Walipima upana na kina cha mitaro, wakaandika iliyoziba, na kuwauliza wakazi maji yalifika wapi ukutani. Swali hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu alama ya maji ukutani ni kumbukumbu ambayo mkandarasi hawezi kuiongeza wala kuipunguza.

Hata alama hiyo hudanganya ikisomwa peke yake. Mwaka wenye mvua haba, mtaro mbovu huonekana mzuri. Kina cha maji lazima kilinganishwe na kiasi cha mvua iliyonyesha, na ilinyesha kwa saa ngapi. Tena kipimo kichukuliwe bonde zima: mtaro mpana huko juu huyafikisha maji Jangwani mapema zaidi, na udongo unaomomoka kwenye vilima vilivyokatwa miti hujaza kitanda cha mto chini. Mtaa mmoja waweza kupona kwa gharama ya mwingine. Barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani mara nyingi kwa sababu hiyo, na karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa papo hapo.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umelishika bonde kama kitu kimoja: daraja jipya la juu zaidi Jangwani, karakana kuhamishwa, bonde la chini kuwa bustani, na hifadhi ya ardhi huko juu. Huo ni mpangilio sahihi kuliko yote iliyoutangulia. Mafanikio yake yapimwe kwa siku ambazo barabara imefungwa, kina cha maji kwa mvua inayolingana, na hali ya maisha ya waliohamishwa miaka kadhaa baadaye, na vipimo hivyo vitangazwe kwenye mbao za matangazo za mitaa husika kila baada ya masika.