Nje ya Ukumbi, Chini ya Mvua: Watazamaji na Filamu ya Round Midnight

Tangu ilipotoka mwaka 1986, filamu ya Round Midnight, iliyoongozwa na Mfaransa Bertrand Tavernier, imewagawa watazamaji wake, na mgawanyiko huo haujapata suluhu. Yupo anayeinuka kitini kabla ya nusu, akinung'unika kwamba hakuna kisa: mzee anakunywa, anapuliza saksafoni, anakunywa tena. Yupo anayeketi mpaka taa ziwashwe na asitake kusemeshwa na mtu. Na yupo wa tatu, aliyeipenda kila sauti ya muziki wake na bado akatoka na kinyongo moyoni. Huyu wa tatu ndiye mwenye hoja nzito kuliko wenziwe, ingawa ndiye asiyesikilizwa sana.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwaka ni 1959. Dale Turner, mpiga saksafoni mweusi wa Marekani, mgonjwa wa pombe na uchovu wa miaka, anaondoka New York kwenda kupiga katika ukumbi wa Blue Note, Paris. Nje ya ukumbi huo, chini ya mvua, amechutama kijana wa Kifaransa, Francis Borler, mchoraji wa mabango. Hana fedha za kuingilia, basi ametega sikio kwenye tundu la hewa. Wanajuana, Francis anamhamishia mzee nyumbani kwake, anamwuguza, anamtoa katika ulevi. Kisha Dale anarejea New York, na huko anafia. Nyuma ya hadithi hii wamesimama watu wa kweli: mpiga piano Bud Powell, aliyehamia Paris mwaka 1959, akarudi New York mwaka 1964 na kufariki mwaka 1966, pamoja na rafiki yake Mfaransa, Francis Paudras, na mpiga saksafoni Lester Young, aliyefariki New York Machi 1959, mara tu baada ya kutoka Paris. Filamu imetabarukiwa kwa Powell na Young.

Msomaji wa Afrika Mashariki alizoea kuliona neno jazi katika majina ya bendi za dansi, kama Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo muziki wake ulikuwa wa kuchezwa, wenye magitaa na kiitikio cha kuimbwa na wote. Jazi ya Dale Turner si hiyo. Hii ni ya kukaa na kusikiliza, na anayeiingia filamu akitarajia dansi huenda akajiunga upesi na kundi la wanaoinuka mapema.

Lakini lawama ya upole wa mwendo haisimami. Aliyemwigiza Dale ni Dexter Gordon, mpiga saksafoni wa kweli, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1923 na kuishi Copenhagen kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwao mwaka 1976. Hakuwa mwigizaji kwa kazi. Ni mtu mrefu mno, mwenye sauti iliyokwaruza, na kila neno lake linatoka kama kwamba limepimwa kwanza. Katika muziki wake, Gordon alijulikana kwa kuchelewa kidogo nyuma ya mapigo: ngoma imekwisha kufika, naye bado anakuja, wala hapotei. Wapenzi wa ushairi hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mghani hodari hufika kwenye kituo, akakishikilia, akamwacha msikilizaji aning'inie hapo juu ya vina visivyokamilika, kisha akamshusha. Tavernier ameichukua hulka hiyo ya mpigaji wake akaifanya kuwa mwendo wa filamu nzima. Anayetaka filamu iende mbio zaidi anataka mtu mwingine apulize saksafoni ile.

Wapo pia wajuzi wa sahani za santuri wanaolalamika kwamba Gordon wa filamu hii si yule wa Go, sahani aliyoirekodi mwaka 1962. Pumzi imepungua, vidole vimezeeka. Ni kweli, tena inasikika wazi, kwa sababu Tavernier alikataa hila ya kawaida ya sinema za wanamuziki, ambapo muziki hurekodiwa kando na mwigizaji akajifanya anapiga. Hapa walipiga papo hapo mbele ya kamera: Herbie Hancock kwenye piano, Bobby Hutcherson, Wayne Shorter, Ron Carter, Tony Williams, Billy Higgins. Kwa hiyo pumzi iliyokatika imekatika mbele ya macho ya mtazamaji. Saksafoni iliyosafishwa studioni ingemfanya Dale kuwa mwongo. Gordon alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora bila kuipata. Hancock akaipata ya muziki, naye Ennio Morricone, aliyeshindania tuzo hiyo kwa muziki wa The Mission, hakuficha uchungu wake, kwa kuwa nyimbo nyingi za Round Midnight zilikuwepo zamani kabla ya filamu. Katika hilo Morricone alikuwa na haki.

Inabaki hoja ya mtazamaji wa tatu. Yeye anauliza: hii ni filamu ya nani? Mweusi ndiye mwenye kipaji, lakini mweupe ndiye mwenye macho yanayomtazama. Dale analazwa kitandani, anavishwa, anafichwa mbali na chupa. Francis anapenda, anahangaika, anaokoa. Spike Lee, mwana wa mpiga besi Bill Lee, alizilalamikia waziwazi filamu hii na Bird ya Clint Eastwood ya mwaka 1988, kwamba zimemchora mwanajazi mweusi kama mtu wa maangamizi tu. Akatoa Mo' Better Blues mwaka 1990, ambamo wanamuziki wanataniana, wanagombania malipo, wanapenda na kuzaa. Filamu ya Lee ina hitilafu zake nyingi, lakini ina kitu ambacho ya Tavernier imekikosa: wanamuziki wakiwa peke yao, bila mpenzi wa muziki aliyeketi pembeni akiwahusudu.

Tatizo linaonekana wazi katika tukio moja ambalo wengi hulisifu. Dale anamwona Francis akilia kwa ajili yake, naye anaamua kuacha pombe. Tukio linagusa, kwa kuwa Gordon halizidishii chumvi. Ila lilipe hesabu yake: nguvu ya kumtoa mtu kwenye ulevi wa miaka mingi imetoka kwenye chozi la msikilizaji. Muziki haukuweza, wala binti yake Chan, aliyempa jina lake wimbo. Wanawake kwa jumla wanapita kama vivuli: Buttercup anachunga mlango na fedha, Darcey Leigh anaimba na kutoweka, mke aliyeachana na Francis anaombwa mkopo.

Hata hivyo Tavernier hakumpaka Francis mafuta mazuri tupu. Anamwonyesha akimwacha binti yake mdogo, Bérangère, peke yake usiku ili akamsikilize Dale. Hilo ni tendo la ubinafsi, na kamera inabaki na mtoto kwa muda wa kutosha kulifanya lionekane hivyo. Katika taarabu, anayempenda mwimbaji huinuka akamtunza mbele za watu kisha akarudi kitini; Francis hajui kurudi kitini. Mapenzi yake yana ulafi, na filamu inajua hivyo, japo haithubutu kulisema mpaka mwisho.

Habari ya kifo cha Dale inamfikia Francis akiwa Paris. Mtazamaji hakionyeshwi kifo chenyewe. Anaonyeshwa Francis akizitazama picha za sinema nyeusi na nyeupe alizompiga rafikiye kwa kamera yake ndogo. Aliyeipenda filamu hulitaja tukio hili kwanza anapoisifu, na mwenye kinyongo hulitaja kwanza anapolalamika, na wote wawili wameliona vilevile: mzee amekwenda zake New York, naye kijana amebaki na picha.