Fundi Anayepima na Fundi Anayebahatisha

Katika gereji za Nyeri, Karatina na Nanyuki, pikapu za Peugeot 504, Datsun 1200 na Hilux za kabureta bado huletwa na malalamiko yale yale: injini inamisi, inatetemeka gari likisimama, inakosa nguvu mlimani. Wengi wetu humpima fundi kwa wepesi wa mikono yake. Hicho ni kipimo kibovu. Fundi bora hutambulika kwa namna anavyoutafuta ugonjwa kabla hajabadilisha chochote.

Sikiliza kwanza maswali yake. Je, injini humisi ikiwa baridi tu, au hata ikishapata moto? Ilianza baada ya mvua? Asubuhi za Julai, ukungu unapoifunika Nyeri, unyevu huingia kwenye kifuniko cha distributa na umeme hupotea kabla ya kufika kwenye plagi. Kifuniko kikikauka, injini hutulia. Fundi asiyeuliza atakuuzia plagi mpya bure.

Kisha tazama kama anaitafuta silinda iliyolala. Injini ikinguruma, huchomoa nyaya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira. Mngurumo ukishuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, mgonjwa amepatikana.

Akishafungua plagi, angalia anavyozisoma. Kahawia hafifu ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli imezidi hewa. Weupe uliokauka, hewa imezidi petroli. Plagi iliyolowa oili inaelekeza kwenye ringi au valvu. Hapa mlima una neno lake: Nyeri iko yapata mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki zaidi ya mita 1,900. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa Mombasa hutoa petroli ya kupita kiasi ikifika huku. Fundi anayejua hukagua jeti kabla ya kuilaumu injini.

Pointi za distributa nazo huzipima kwa fila geji, mwanya wa karibu nusu milimita, wala hakadirii kwa jicho. Skrubu za kabureta huzigusa mwisho. Anayezikimbilia kwanza huficha ugonjwa, nao hurudi baada ya wiki.

Alama kubwa kuliko zote ni geji ya kompresheni. Silinda moja ikisoma chini, fundi hutia kijiko cha oili ndani yake na kupima tena. Geji ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki pale pale, hushuku valvu. Silinda mbili zinazopakana zikisoma chini pamoja, mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi. Kuifungua injini bila kipimo hiki ni kucheza kamari na pesa za mwenye gari.

Kazi ikiisha, dai mambo mawili: vipuri vilivyotolewa uvishike mkononi, na safari ya majaribio gari likiwa na mzigo, mathalani kupanda kutoka Sagana hadi Karatina. Injini iliyopona hupanda bila kushtuka.

Halafu umlipe fundi kwa muda aliotumia kupima, hata kama hakubadilisha kipuri chochote. Tukiendelea kulipia vipuri peke yake, tutakuwa tunawafundisha mafundi wetu kuuza vipuri.