Uhakiki wa Istilahi za Kupimia Tovuti za Serikali: Mfano wa Karagwe na Kyerwa

Chini ya kurasa za tovuti za halmashauri nyingi nchini pamekuwa na kihesabu kidogo chenye kichwa kinachosomeka "Idadi ya Wasomaji", na pengine "Idadi ya Wasomaji Duniani". Tovuti hizo zilijengwa kwa kiolezo kimoja cha serikali na kuzinduliwa mwaka 2017, ili mwananchi wa Kayanga au wa Nkwenda apate taarifa za halmashauri yake kama apatavyo mwenzake wa Dodoma. Nia hiyo ni njema, na hatuna la kuipunguza. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno "wasomaji" halikustahili kuwekwa mahali hapo. Kwamba kosa lake si la ufasaha tu bali ni la hesabu. Na kwamba hasara ya kosa hilo humwangukia yule yule ambaye huduma iliwekwa kwa ajili yake.

Hapana budi tuanze na kinachohesabiwa. Mtu afunguapo ukurasa, seva hupokea ombi na kuandika tarehe, saa, anwani ya mtandao ya kifaa kilichoomba, na jina la ukurasa ulioombwa. Hayo ndiyo ya msingi. Haiandiki kama aliyeufungua aliusoma, wala kama aliuelewa, wala kama alipata alilolitaka. Haijui hata kama aliyeomba ni binadamu, kwa maana programu za injini za kutafutia nazo hupita humo usiku na mchana. Kutokana na maandishi hayo hupatikana hesabu za namna tatu: kurasa zilizofunguliwa, ziara, na vifaa. Hesabu ya nne, yaani ya watu, haipatikani humo moja kwa moja; huweza kukisiwa tu. Neno "wasomaji" limezifunika zote nne kwa kitambaa kimoja, tena limezipa jina la ile isiyojulikana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mfanyabiashara wa Murongo, mpakani na Uganda, anataka kuomba leseni ya biashara. Anafungua ukurasa kwa simu yake, mtandao unakatika. Anarudia mara nne, haupati. Kesho yake anapanda pikipiki hadi kwenye duka la steshenari, kijana wa dukani anamfungulia mara mbili zaidi, na fomu inakwama kwenye kiambatisho. Mfanyabiashara anarudi nyumbani bila leseni, nauli na siku yake vimekwenda. Kihesabu, kwa upande wake, kimeongezeka saba. Ikiwa kinachoongezeka kila ukurasa unapofunguliwa kinaitwa "wasomaji", basi taarifa itakayosomwa mbele ya Baraza la Madiwani itasema kwamba halmashauri imepata wasomaji saba, na waheshimiwa watapiga makofi. Kadiri huduma inavyozidi kushindwa, ndivyo inavyozidi kuonekana kupendwa. Hapo ndipo istilahi mbaya inapogeuka kuwa mashauri mabaya: fedha ya kurekebisha fomu haitaombwa, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba fomu ina kasoro.

Upande wa pili nao una upungufu. Katika miji midogo kama Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, sawa na mingine nchini, kompyuta moja ya steshenari huwahudumia watu wengi kwa siku: huyu anaomba mkopo wa elimu ya juu, yule anatafuta kazi serikalini, mwingine cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kifaa ni kimoja, watu ni kumi. Kadhalika, anayetumia simu ya kawaida kupata huduma za serikali kwa kupiga *152*00# hapiti kabisa katika tovuti, na hivyo kihesabu hakimwoni. Kwa hiyo neno hilo huzidisha mahali pamoja na kupunguza mahali pengine, wala mtu hawezi kusema mwisho wake limezidisha au limepunguza.

Wako watakaosema kwamba tunadai mengi mno kwa kijineno cha chini ya ukurasa. Tunawajibu kwa mifano miwili ambayo watu wa wilaya hizi wanaifahamu vema.

Mfano wa kwanza ni sensa. Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, na Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 332,020 katika Karagwe na watu 321,026 katika Kyerwa. Tarakimu hizo zinalinganika. Sababu ni kwamba kabla karani hajabisha hodi, neno "mtu" lilikuwa limekwisha kufafanuliwa: ni yule aliyelala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, awe mwenyeji au mgeni. Fasili ilitangulia, hesabu ikafuata. Kihesabu cha tovuti hakina fasili, tena hakina kipindi. Hujumlisha tangu siku kilipowashwa. Idadi isiyo na kipindi haiwezi kupanda wala kushuka. Inaweza kukua tu, kama umri. Kitu kisichoweza kushuka si kipimo cha kazi.

Mfano wa pili ni kahawa. Mkulima anayeuza kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, anajua tofauti ya kahawa ya maganda na kahawa safi. Kilo mbili za maganda hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi, na atajaye uzito bila kutaja ni wa ipi hasikilizwi. Anajua pia butura, yaani kuuza kahawa ingali shambani kabla ya mavuno, biashara ambayo viongozi wa Kagera wameipiga vita miaka mingi kwa sababu mnunuzi hujipatia mavuno kwa bei ya maua. Sisi twaona kwamba kuita ukurasa uliofunguliwa "msomaji" ni butura ya takwimu: ua limekwisha kuandikwa katika daftari la mavuno.

Kosa hili halikuja peke yake. Katika tafsiri mbalimbali za mambo ya upimaji wa tovuti tunakutana na ndugu zake, na yafaa tuwataje.

(a) "Msongamano", kwa maana ya wingi wa wanaoingia katika tovuti. Kwa Kiswahili msongamano ni hali ya kubanana hata watu wasipite. Tovuti yenye msongamano ni ile iliyoelemewa. Msifiaji amelaumu bila kujua.

(b) "Kasi ya kuruka", kwa maana ya sehemu ya ziara zinazoishia kwenye ukurasa wa kwanza. Hapa hapana kasi wala kuruka. Isitoshe, dhana yenyewe huchukuliwa kuwa ni dalili ya kushindwa, ilhali mkulima wa Kaisho aliyefungua tangazo la mbolea ya ruzuku, akalisoma lote, akafunga simu, amepata alilolitaka. Dalili hii husomwa kwa namna moja katika ukurasa wa tangazo na kwa namna nyingine katika ukurasa wa fomu.

(c) "Kiwango cha ubadilishaji", kwa maana ya sehemu ya walioanza jambo na kulimaliza. Istilahi hii ina mwenyewe tangu zamani katika mambo ya fedha. Mwambie mtu wa Murongo habari za kiwango cha ubadilishaji, naye atakuuliza: wa shilingi ipi, yetu au ya Uganda?

(d) "Utendaji" na "ufanisi", maneno yanayotumiwa kama pacha. Utendaji ni kutenda, uwe mzuri au mbaya. Ufanisi ni kutenda kukafanikiwa. Taarifa inayoorodhesha matangazo yaliyowekwa katika tovuti ni taarifa ya utendaji. Ili iwe ya ufanisi, lazima iseme wananchi walipata nini.

Tofauti hii ya mwisho ndiyo kiini cha jambo. Uingereza, iliyoanzisha idara ya huduma za serikali za kidijitali mwaka 2011, ilizitaka huduma zake zipimwe kwa mambo manne: gharama ya kila muamala, kuridhika kwa mtumiaji, sehemu ya miamala iliyokamilika kati ya iliyoanzwa, na sehemu ya miamala inayofanywa kwa mtandao badala ya njia nyingine. Katika manne hayo, idadi ya waliofungua ukurasa haimo. Hatusemi tuige kila kitu cha ng'ambo. Twasema tu kwamba waliokaa chini wakajiuliza wapime nini hawakuchagua kihesabu.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo, pamoja na fasili zake.

Kurasa zilizofunguliwa: jumla ya mara ambazo kurasa zimefunguliwa katika kipindi kilichotajwa. Tumechelea "ufunguzi", kwa kuwa neno hilo limezoeleka kwa sherehe yenye mgeni rasmi na utepe. Na tumechelea "mfunguo", kwa kuwa ni jina la miezi inayofuata Ramadhani.

Ziara: mfululizo wa kurasa zilizofunguliwa na kifaa kimoja bila kukoma kwa muda uliowekwa, ambao katika programu nyingi ni dakika 30. Wako wanaolihofia neno hili kwa kuwa ni la viongozi. Sisi twaliona lafaa kwa sababu hiyo hiyo: Mkuu wa Wilaya akifanya ziara tatu katika kata moja, hakuna asemaye kwamba kata imepata wakuu wa wilaya watatu. "Watembeleaji" hakuna kinga hiyo, maana hutaja watu.

Vifaa vilivyotambuliwa: idadi ya simu na kompyuta zilizofanya ziara, kwa kadiri programu inavyoweza kuvitofautisha. Visiitwe watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya kukusanya taarifa za mtu, na haifai ofisi ya umma idokeze kwamba imewatambua watu ambao haikuwatambua.

Ziara za ukurasa mmoja: zitajwe kwa asilimia ya ziara zote, pamoja na aina ya ukurasa.

Kiwango cha ukamilishaji: asilimia ya maombi yaliyofika mwisho kati ya yaliyoanzwa.

Wahudumiwa: watu waliopata huduma waliyoiomba. Hawa huhesabiwa kwa leseni zilizotolewa, vibali na stakabadhi, si kwa kihesabu cha tovuti.

Litakuwapo pingamizi kwamba majina haya ni marefu, na kwamba "wasomaji" limekwisha kuzoeleka. Urefu tunaukubali; lakini "kiwango cha ukamilishaji" huhitaji kuandikwa mara moja tu katika jedwali, na fasili yake hubaki. Ama mazoea, tumeyaona yakibadilika. Neno "kishikwambi" lilichekwa lilipotoka. Baada ya makarani kukitumia kifaa hicho katika Sensa ya mwaka 2022, na walimu kukabidhiwa baadaye, aliyecheka sasa analitumia. Watu hulipokea neno likiwa mkononi mwao pamoja na kitu chake.

Tunawaomba basi wafasiri wasitafsiri jina la kipimo kabla ya kuuliza kinapima nini. Walimu wa Kiswahili na wa TEHAMA wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi jepesi: wachukue ukurasa mmoja wa serikali, waorodheshe vinavyoweza kuhesabiwa humo, na kila kimoja wakipe jina lake. Na maofisa wa halmashauri, Kayanga kama Kyerwa, wajaribu katika taarifa ya robo mwaka kuandika sentensi ya namna hii: "Katika miezi mitatu, maombi kadhaa ya leseni yalianzwa, kadhaa yalikamilika, na mengi ya yaliyokwama yalikwama kwenye kiambatisho." Diwani akiisikia sentensi hiyo atajua la kuuliza. Akisikia idadi ya wasomaji, atashukuru na kuketi.