Haki ya Nani? Uhakiki wa Lugha ya Mikataba ya Maji ya Mto Naili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati wa Kiswahili unaotumiwa kueleza mikataba ya maji ya Mto Naili, hususani maneno haki, usalama wa maji na mdau. Inajadiliwa kuwa mgogoro wa maji hayo ni mgogoro wa maana pia, na kwamba baadhi ya tafsiri zilizozoeleka humficha mkulima na mvuvi ambao mikataba hiyo hutetewa kwa jina lao.

Neno kamili na neno haki

Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana hati za makubaliano. Uingereza ilisema kwa niaba ya Sudan na ya makoloni yake ya Afrika Mashariki: kazi yoyote ya umwagiliaji au ya kuzalisha umeme katika mto, matawi yake na maziwa yake isingefanyika bila ridhaa ya Misri, iwapo ingepunguza maji yafikayo Misri, ingebadili wakati wa kufika kwake au ingeshusha kina chake. Waliokaa kandokando ya Ziwa Viktoria hawakuulizwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1959, Misri na Sudan zilitia saini mkataba ambao jina lake lenyewe lataja matumizi kamili ya maji ya Naili. Katika wastani wa mita za ujazo bilioni 84 zinazofika Aswan kila mwaka, Misri ilipata bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5. Bilioni 10 zilizobaki zilihesabiwa kuwa za kupotea kwa mvuke.

Neno kamili lastahili kusomwa mara mbili. Kitu kikitumiwa kikamilifu hakibaki cha mwingine. Ethiopia, ambayo nyanda zake za juu hutoa takriban asilimia 85 ya maji hayo, haikuitwa mezani. Jua lilitengewa fungu lake, Ethiopia haikutengewa.

Tangu hapo Misri imeshikilia haki zake za kihistoria, na nchi za juu zimedai mgawanyo wa haki. Kwa Kiingereza madai haya mawili hubebwa na maneno mawili yasiyofanana. Kwa Kiswahili yote ni haki. Yupo atakayeona upungufu wa lugha hapa, lakini wepesi wa hukumu hiyo haufai. Msemaji wa Kiswahili akisema kitu ni haki yake, msikilizaji ana ruhusa ya kumuuliza kama kukishika kwake ni haki. Lugha haimwachi ajifiche nyuma ya hati. Serikali ya Tanganyika ilipoziarifu Uingereza, Misri na Sudan mwaka 1962 kwamba makubaliano ya 1929 hayakuifunga, ilitumia lugha ya kisheria: nchi huru haiwezi kuhitaji kibali cha nchi nyingine ili kuchota ziwa lake. Chini ya vazi hilo la sheria palikuwa na swali hilohilo la Kiswahili.

Hata hivyo, dai la Misri si la kubezwa. Mkulima wa Delta hana mvua ya kutegemea, na karibu maji yote ya nchi yake hutoka mtoni. Isitoshe, Misri iliyokubaliana na Uingereza mwaka 1929 ilikuwa yenyewe na askari wa Kiingereza ndani ya ardhi yake. Uhakiki unaomwona fellahi huyo kuwa mrithi wa mkoloni tu unarudia kosa la mkataba wenyewe, kwa kuhesabu dola na kusahau watu.

Usalama au uhakika?

Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Naili ulifunguliwa kwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010. Ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya kuridhiwa na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Kifungu chake cha 14 ndicho kilichoigawa meza. Nchi za juu zilikubali wajibu wa kutoathiri kwa kiasi kikubwa kile kinachotafsiriwa kuwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri ilitaka matumizi na haki zilizopo nazo zilindwe kwa maneno ya wazi. Aya hiyo ilipelekwa kwenye kiambatisho, itatuliwe na Kamisheni ya Bonde itakapoundwa.

Kwa hiyo ugomvi mzima uliobaki ni wa maneno machache, na Kiswahili kimeyatafsiri vibaya. Mama wa Karagwe akisikia usalama wa maji atafikiria kipindupindu na kuchemsha maji ya kunywa. Msomi wa mjini atawafikiria watu wa usalama, na hilo si bahati mbaya tu, kwa kuwa viongozi wa pande zote wamezoea kuuzungumzia mto kama mpaka wa kulindwa. Hakuna hata mmoja atakayeelewa kinachobishaniwa, yaani kuwa na hakika ya kupata maji ya kutosha mwaka huu na mwaka ujao. Wakulima wana neno lao kwa jambo hilo: uhakika. Uhakika wa maji ungeeleweka Bukoba na Bujumbura bila mfasiri, na papo hapo ungezaa swali ambalo neno usalama hulifunika: uhakika wa nani?

Mdau asiye na dau

Swali hilo linazielekea nchi za juu pia. Kifungu cha 4 cha Mkataba kinataka matumizi ya haki yapimwe kwa mahitaji ya kijamii, idadi ya watu wanaoutegemea mto, mchango wa kila nchi katika maji hayo, na mengine. Vipimo hivyo ni vizuri, ila mwenye kupimiwa ni dola. Katika maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera, mtambo wa megawati 80 unazigawia Burundi, Rwanda na Tanzania umeme kwa mafungu yaliyo sawa. Ni mfano wa kusifiwa. Lakini usawa huo unaishia kwenye gridi za taifa; namna fungu linavyofika au lisivyofika kwa mwenye shamba lililopakana na bwawa si suala la mkataba.

Bujagali inaonyesha zaidi. Bwawa lililozinduliwa mwaka 2012 liliyazamisha maporomoko ambayo Wasoga waliyajua kuwa makao ya Budhagaali, na matambiko yalifanywa ili mzimu huo uhamishwe. Katika lugha ya miradi jambo hilo huitwa athari, na wahusika wake huitwa wadau. Mdau, kwa asili ya neno, ni mwenye kuweka dau mchezoni. Mganga wa Bujagali na mvuvi aliyepoteza ngazi ya mtumbwi wake hawakuweka dau lolote. Kilichowekwa ni mahali pao, na aliyekiweka ni mwingine. Kiswahili kina mwenyeji, kina mwenye mto, kina hata mrithi. Kamisheni itakapoketi kukiamua Kifungu cha 14, matini ya Kiswahili ya uamuzi wake italazimika kuchagua mojawapo ya maneno hayo, au kubaki na mdau.