Uzi Kabla ya Nakshi: Kipimo cha Kuhakiki Kazi za Ususi

Katika mijadala yetu juu ya sanaa za taifa, mkeka hutajwa mara nyingi lakini huhakikiwa mara chache. Husifiwa kwa maneno mawili matatu, kwamba una nakshi nzuri na rangi za kupendeza, kisha msemaji hupita kwenye ngoma au uchongaji. Sifa ya namna hiyo haimnufaishi msusi wala haimwelimishi mwanafunzi. Ni kama kulisifu shairi kwa kuwa limeandikwa kwa hati nzuri. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba ubora wa ususi huanza pale jicho la mtazamaji lisipofika, yaani katika namna jani au kumbi lilivyotengenezwa kabla ya kusukwa, na kwamba mhakiki asiyeyajua matengenezo hayo hana kipimo cha haki.

Tuanze na ukindu. Mkindu huota kwa mashina mengi pamoja, aghalabu kandokando ya mito na mabwawa. Msusi hachukui jani lolote. Hutafuta jani changa la katikati ambalo halijachanua, kwani lililokwisha kufunuka na kupigwa na jua huwa na ukijani na ugumu. Majani hayo huanikwa mpaka yakawa meupe, huondolewa uti, kisha huchanwa kuwa chane za upana mmoja. Hapo ndipo mkono wa fundi unapopambanuka na mkono wa mwanagenzi. Chane zikipishana upana, ukili hupinda. Na ukili uliopinda, ukishonwa na mwenziwe, huufanya mkeka usitandike sawasawa. Chane hutiwa unyevu wakati wa kusuka, kwa sababu jani kavu huvunjika. Lakini zikiloweshwa kupita kiasi, hunywea zinapokauka na kuacha mianya. Mshairi aliyekwisha kutaabika na mizani ataelewa kwamba hizi si shughuli za kuitangulia sanaa. Ni sanaa yenyewe.

Juu ya rangi, yafaa tuseme kweli. Wako wasemaji wanaozilaani rangi za unga za dukani na kuzitukuza za miti, kana kwamba asili peke yake ni cheti cha ubora. Magome ya mkoko, yale yale yaliyotumiwa kuhifadhia nyavu za wavuvi, yana ukakasi unaoshikamana kwa nguvu na nyuzi za mmea, na rangi yake hudumu. Manjano, ambayo nayo ni ya asili, hufifia upesi juani. Rangi ya dukani ikichemshwa na ukindu kwa muda wa kutosha, kisha ukindu ukasuuzwa vizuri, hudumu kiasi chake. Ikifanyiwa haraka, huhamia kwenye kanzu ya mgeni siku ya kwanza. Basi mhakiki asiulize rangi imetoka wapi tu. Aulize pia imeshikaje, na maji yaliyobaki chunguni yamemwagwa wapi.

Kumbi la nazi lina somo jingine. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, wanawake huyafukia makumbi ufukweni, mahali panapofunikwa na maji kujaa na kuachwa maji yakitoka, wakayagandamiza kwa mawe kwa miezi kadhaa. Humo bakteria hula ile gundi inayozishikanisha nyuzi, lakini nyuzi zenyewe hubaki, kwa kuwa zina lignini nyingi, kitu kile kile kinachoupa mti ugumu wake. Makumbi yakifukuliwa hupigwa mpaka usumba ukatoka safi, ndipo husokotwa kamba. Anayefukua kabla ya wakati hupata nyuzi zilizogandamana, na hapana nguvu ya mkono iwezayo kuirekebisha pupa hiyo. Kamba hizo ndizo zilizoshona mitepe, majahazi yasiyotiwa msumari, yaliyotwekwa matanga ya mkeka, ambayo yalitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Sifa ya vyombo vya kushonwa katika pwani yetu ni ya kale mno. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 chautaja mji wa Rhapta, na chasema umepata jina lake kwa vyombo hivyo.

Tuutazame na mkonge, kwani historia yake inatuonya. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyosalimika hata kupandwa katika nchi yetu. Kufikia mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 230,000 za nyuzi kwa mwaka. Jani la mkonge haliozeshwi. Hukamuliwa bichi kwa mashine ya korona, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa na kupigwa brashi. Katika kilo 100 za majani hupatikana kilo 4 hivi za nyuzi, na makapi yaliyobaki yalitupwa kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2008 huko Hale yalipoanza kutumiwa kuzalisha gesi na umeme. Sehemu kubwa ya nyuzi ilisafirishwa nje, na kamba za plastiki zilipoenea, soko lilianguka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulishuka hadi tani 20,000 hivi. Sababu za anguko hilo zilikuwa nyingi, lakini moja yatuhusu sisi wa utamaduni: mkata mkonge hakupata kuuona uzi wake ukiwa kitu. Elimu yake ilikomea shambani. Msusi wa ukindu, kinyume chake, anaijua kazi yote tangu kichakani hadi sebuleni.

Elimu hiyo nzima ndiyo iliyo hatarini leo. Mkeka wa plastiki ni rahisi na huoshwa upesi, wala hatuna haki ya kumlaumu maskini aununuaye. Methali yasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hakiwezi kujiuza kwa mnunuzi asiyefundishwa kukitambua. Kazi hiyo ni yetu. Mwalimu na awaagize wanafunzi wake waugeuze mkeka upande wa chini, wapime ulingano wa chane, wasugue rangi kwa kitambaa kibichi, wavute mshono, kisha waende kwa msusi wa kijijini wamuulize alikata majani mangapi katika kila shina, na kwa nini hakukata zaidi. Na waamuzi wa maonyesho yetu wagawe alama zao hivyo hivyo: matengenezo kwanza, nakshi baadaye. Msusi akijua kwamba subira yake itapimwa, atakuwa na sababu ya kumrithisha bintiye.